Katiba, rangi na shule za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo Waswahili wanaoishi Marekani, na wa nyumbani wanaofuatilia mambo ya huko, huwa wanauliza kuhusu haki za kikatiba, ubaguzi wa rangi na shule. Mengine majibu yake ni marefu maana kesi zenyewe zilichukua miaka, mengine nimeyamaliza kwa mistari miwili. Mimi sio wakili, ukiwa na shida ya kweli na shule ya mwanao tafuta wakili, wapo hata wa bure.

Hivi Katiba ya Marekani inampa mtoto haki ya kusoma?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanashangaa. Isome Katiba yao mwanzo mpaka mwisho, neno elimu hulikuti. Katiba ya Kenya ya 2010 imesema wazi kwenye kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya elimu, na cha 53 kikaongeza kwamba mtoto apate elimu ya msingi bure na iwe ya lazima. Ya Tanzania inaitaja elimu ibara ya 11, ingawa iko kwenye ile sehemu ambayo ibara ya 7 inasema huwezi kuipeleka mahakamani, yaani ipo ipo tu. Marekani hata hiyo ya ipo ipo hawana. Elimu waliwaachia majimbo, kila jimbo na katiba yake, na majimbo nayo yakashusha kazi kwa wilaya za shule, ambazo ziko maelfu kwa maelfu, kila moja na bodi yake na mfuko wake. Kumbuka hiyo mifuko maana tutairudia.

Sasa kama elimu haimo, hizi kesi zote za shule zinasimama juu ya nini?

Zinasimama juu ya Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868. Kuna kipande kinasema jimbo lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Ona vizuri hapo: haijasema lazima umsomeshe mtoto, imesema ukiamua kusomesha watoto basi usimbague huyu na yule. Ni haki ya kutobaguliwa, sio haki ya kusoma, na jimbo lenye akili mbaya linaweza kuitimiza kwa kuwanyima watoto wote, na usidhani natania, kuna kaunti Virginia ilifanya hivyohivyo, nitaifikia.

Kilichozaa marekebisho hayo ni utumwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1857 kwenye kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alisema mtu mweusi, awe mtumwa awe huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Ikaja vita, ikaja Marekebisho ya 13 mwaka 1865 kufuta utumwa, ya 14 kutoa uraia kwa kila aliyezaliwa pale, ya 15 mwaka 1870 kuhusu kura. Kwenye karatasi, ndani ya miaka mitano, mambo yakawa yameisha.

Wakati wa utumwa, weusi walikuwa wanasoma?

Kwa kujificha. South Carolina ilikuwa na sheria tangu 1740 ya kukataza kumfundisha mtumwa kuandika, na baadaye Georgia, North Carolina na Virginia nao wakabana, na hawakubana bure, mtumwa anayejua kuandika anaweza kujiandikia cheti cha kusafiria akapotea zake.

Ndo maana vita ilipoisha kiu ilikuwa kubwa ajabu. Mtu na mjukuu wake darasa moja. Mwaka 1870 karibu watu weusi 80 kwa kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika, kufika 1900 ikawa imeshuka mpaka kama 45, na hiyo ni kipindi ambacho majimbo ya Kusini yalikuwa yanawanyang'anya kura na kuwaua hadharani. Vyuo vya weusi vikaanza: Fisk ilianzishwa 1866, Howard 1867, Hampton 1868. Kwa hiyo yule anayesema weusi wa Marekani hawajawahi kupenda shule, muulize hizo namba anazijua.

"Tofauti lakini sawa" maana yake ilikuwa nini hasa?

Ilianzia kwenye treni. Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans, ambaye kati ya wazazi wa babu na bibi zake wanane ni mmoja tu aliyekuwa mweusi, mwaka 1892 alipanda behewa la wazungu makusudi, ilipangwa kabisa na kamati ya watu ili akamatwe kesi iende juu. Ikaenda, na mwaka 1896 wakapigwa majaji 7 kwa 1. Mahakama ya Juu ikasema kutenganisha rangi sio kosa ilimradi huduma ziwe sawa. Aliyepinga peke yake ni Jaji John Marshall Harlan, akaandika kwamba Katiba yao haioni rangi, maneno ambayo watu wananukuu mpaka leo.

Ila kuna kitu hawakinukuu. Miaka mitatu tu baadaye, 1899, ikaja kesi kutoka Augusta, Georgia, bodi ya shule imefunga sekondari pekee ya weusi eti bajeti haitoshi, huku ya wasichana wa kizungu inaendelea kupewa hela. Mahakama ikasema sawa tu, hilo ni jambo la wenyewe kwa wenyewe huko jimboni. Na aliyeandika hukumu hiyo ni nani? Harlan huyohuyo. Hapo ndo lile neno "sawa" lilikufa, na halikuwa limeishi hata miaka mitano.

Kivitendo tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani?

Chukua kaunti ya Clarendon, South Carolina. Mwaka wa shule wa 1949-50 walikuwa wanatumia dola 179 kwa mtoto mzungu na dola 43 kwa mtoto mweusi. Watoto wa kizungu walikuwa na mabasi 30. Weusi hawakuwa na hata moja, na walikuwepo waliokuwa wanatembea mpaka maili 9, yaani kilomita 14 na ushee, kwenda shule. Wazazi wakachanga wakanunua basi bovu la mitumba, likawa kila siku linakufa njiani, wakaenda kwa wakubwa kuomba basi la kaunti au hata mafuta tu. Wakakataliwa. Hawakuomba kuchanganyika na wazungu, angalia hapo, waliomba basi.

Mchungaji Joseph DeLaine akasaidia kukusanya saini, na jina la kwanza kwenye kesi likawa la Harry Briggs, aliyekuwa anafanya kazi kituo cha mafuta. Akafukuzwa kazi. Mke wake Eliza aliyekuwa mfanyakazi wa moteli akafukuzwa pia. Nyumba ya mchungaji ikachomwa moto. Kwa ajili ya basi la shule.

Na usifikiri hawa watu walikaa kusubiri serikali. Kuanzia 1912 mpaka 1932 zilijengwa shule karibu 5,000 za weusi Kusini kwa mpango wa Booker T. Washington, mwalimu mweusi maarufu, na Julius Rosenwald, tajiri wa maduka ya Sears. Rosenwald alitoa kama dola milioni 4.3, lakini wanavijiji weusi wenyewe walichanga milioni 4.7, hela za pamba, za kuuza kuku, wengine walitoa ardhi na mbao na nguvu zao. Hiyo kwa lugha yetu ni harambee. Kasoro yake ni kwamba walikuwa wameshalipa kodi kama watu wengine, na kodi yao ikaenda kujenga shule ya mzungu, halafu wakachangishwa tena kujenga ya kwao.

Walikuwa wanabaguliwa weusi tu?

Hapana. Mississippi, mtoto wa Kichina aitwaye Martha Lum alifukuzwa shule ya wazungu, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lina haki ya kumpeleka shule ya "rangi", yaani ya wasio wazungu. California nako watoto wa asili ya Meksiko walikuwa na shule zao za pembeni mpaka familia ya Mendez na wenzao wakashinda kesi 1946, rufaa 1947. Watoto wa Wenyeji wa Amerika wao walichukuliwa wakapelekwa bweni kusahaulishwa lugha zao, hiyo ni habari nyingine nzito inayotaka ukurasa wake.

Brown ni kesi ya yule binti wa Kansas, si ndio?

Brown ni kesi ya kupinga shule za kutenganisha rangi, na ni kesi tano zilizofungwa pamoja: Kansas, South Carolina (hao wa basi), Virginia, Delaware na Washington, D.C. Linda Brown wa Topeka jina lake ndo limebaki kwa sababu kesi ya Kansas iliwekwa mbele.

Mimi ninayoipenda ni ya Virginia. Kaunti ya Prince Edward, shule ya sekondari ya Moton, imejengwa kwa wanafunzi 180 na ndani wamo zaidi ya 450, wengine wanasomea kwenye vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi la lami, mvua ikinyesha unafungua mwavuli darasani. Tarehe 23 Aprili 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, akapanga mwalimu mkuu apigiwe simu ya uongo atoke shuleni, akaita mkutano wa wanafunzi wote, akawaambia tunagoma. Wakagoma kweli. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walipokuja hawakuwa na mpango wa kuchukua kesi hapo, lakini hao watoto waliwashinda kwa hoja.

Nyuma ya yote kulikuwa na Charles Hamilton Houston, mkuu wa sheria pale Howard, aliyekuwa ameshapanga tangu miaka ya 30 kwamba waanze na vyuo vikuu ndo washuke chini, na mwanafunzi wake Thurgood Marshall aliyekuja kusimama mahakamani. Houston alifariki 1950, hukumu hakuiona. Ilitoka 17 Mei 1954, majaji wote 9 wakasema shule za kutenganisha rangi haziwezi kuwa sawa kwa asili yake.

Kwa hiyo kuanzia 1954 watoto wakaanza kusoma pamoja?

Thubutu! Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikatoa hukumu ya pili kuhusu utekelezaji, ikasema ifanyike kwa haraka ya kutafakari, na majimbo ya Kusini yakasikia neno moja tu, tafakari. Mwaka 1957 Rais Eisenhower ilibidi apeleke wanajeshi Little Rock, Arkansas, ili watoto 9 weusi waingie darasani kwenye shule ya wazungu, mwaka uliofuata sekondari za mji huo zikafungwa mwaka mzima.

Na Prince Edward sasa, kwa kina Barbara Johns. Mahakama ilipowaambia changanyeni, mwaka 1959 kaunti ikafunga shule zote za serikali. Zote kabisa. Miaka mitano. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule binafsi wakasaidiwa na ada kwa hela ya umma, watoto weusi zaidi ya elfu moja wakabaki nyumbani, wenye ndugu mbali wakapelekwa kwa ndugu, wengine wakaingia shambani ndo ikawa basi. Mpaka Mahakama ya Juu ikaamuru mwaka 1964 zifunguliwe. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 zinafungwa alikuwa na 12 zinafunguliwa, hajui hata herufi, unamweka darasa gani? Mwaka 2004 jimbo la Virginia lilianzisha skolashipu kwa ajili ya watu hao, ambao kipindi hicho walikuwa na miaka hamsini na sitini, wakarudi kumalizia sekondari na vyuo wakiwa na wajukuu. Ukiniuliza madhara ya kudumu yanafananaje mimi sitafuti grafu, nakuonyesha hao wazee.

Nasikia walimu weusi waliumia zaidi, ni kweli?

Kweli, na hii haisemwi sana. Shule zilipounganishwa iliyofungwa kwa kawaida ni ya weusi, na wazazi wa kizungu hawakutaka mwanao afundishwe na mweusi, kwa hiyo kati ya 1954 na 1965 inakadiriwa walimu na wakuu wa shule weusi kama 38,000 walipoteza kazi kwenye majimbo 17 ya Kusini na mpakani. Ualimu ndo ulikuwa kazi kubwa ya heshima mweusi msomi aliyoweza kuipata wakati huo. Mtaa ukipoteza walimu umepoteza na watu wa kuwaambia watoto kwamba chuo kinawezekana, na mpaka leo darasani kwa mwanao ukihesabu walimu weusi vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Leo hakuna sheria ya kutenganisha. Mbona shule bado zimegawanyika rangi hivi?

Kwa sababu ya nyumba. Shule ya serikali Marekani unaipata kwa adresi yako, na adresi zenyewe ziligawanywa na serikali. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu maana yake usikopeshe hapo, na mamlaka nyingine iliyoanzishwa 1934 ikawa inadhamini mikopo ya wazungu na kukataa ya weusi. Detroit karibu na barabara ya Eight Mile kuna ukuta wa zege, urefu wake karibu nusu maili na unamzidi mtu mzima kimo kidogo, ulijengwa 1941 na mjenzi aliyekuwa anataka kuuza nyumba kwa wazungu, serikali ilimkatalia dhamana kwa kuwa kiwanja kiko jirani na weusi, akajenga ukuta katikati, dhamana akapewa. Ukuta bado upo, wamechora michoro juu yake. Mimi nikitaka kumwelewesha mtu haraka namwambia aangalie picha za huo ukuta.

Halafu wanajeshi waliorudi vita vya pili wakapewa mikopo ya nyumba na masomo kwa sheria ya 1944, mzuri kweli mpango, lakini uliendeshwa na watu wa hukohuko kwenye miji na majimbo. Miji 13 ya Mississippi ilipoangaliwa mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa, weusi walipata miwili. Sio elfu mbili, miwili.

Mwaka 1974 ndo mlango ukafungwa. Detroit ilikuwa imeshabaki na watoto weusi wengi, wazungu wamehamia vitongojini, jaji wa chini akaamuru mpango wa kuchanganya uhusishe wilaya za shule za vitongoji 53. Mahakama ya Juu, 5 kwa 4, ikakataa: kama kitongoji hakijathibitishwa kubagua, usikiingize. Yaani ukishavuka mpaka wa wilaya, umesalimika. Thurgood Marshall, wakati huo ameshakuwa jaji, alipinga kwa maneno makali. Mimi naiona hukumu hii ni nzito kwa mtoto wa leo kuliko Brown yenyewe, maana Brown ilifuta rangi kwenye sheria, hii ikaibakiza kwenye mpaka.

Kodi ya majengo inaingiaje hapo?

Shule nyingi sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye kodi ya majengo ya eneo husika, nyingine jimboni, serikali kuu huwa inatoa kama sehemu moja ya kumi tu. Nyumba za bei juu, hela nyingi, shule nzuri, na shule ikiwa nzuri nyumba zinapanda tena bei.

Kesi ya hili ni ya San Antonio, Texas. Demetrio Rodriguez alikuwa na watoto wilaya ya Edgewood, ambako wengi mno walikuwa na asili ya Meksiko. Edgewood walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 ya thamani ya mali. Jirani zao wazungu wenye uwezo, Alamo Heights, walijitoza senti 85. Kwa hiyo masikini ndo anajikamua zaidi. Na bado, ukijumlisha na hela za jimbo na serikali kuu, Edgewood walikuwa na dola 356 kwa mtoto na Alamo Heights dola 594. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, 5 kwa 4 tena, ikasema elimu sio haki ya msingi chini ya Katiba ya Marekani, na umasikini wa eneo sio ubaguzi unaokatazwa. Kwa hiyo lile jibu la swali la kwanza halikutoka hewani, lina jina na mwaka.

Kilichofuata ni watu kuhamia mahakama za majimbo, maana katiba za majimbo ndo zinataja elimu. New Jersey na Kentucky walishinda wakapata mabadiliko ya maana, kwingine wameshindwa. Ripoti moja ya 2019 ya taasisi iliyoitwa EdBuild ilionyesha wilaya zenye wanafunzi wengi wasio wazungu zinapata jumla ya dola bilioni 23 pungufu kuliko zile za wazungu, ingawa idadi ya wanafunzi karibu iko sawa.

Dada, naweza kutumia adresi ya ndugu yangu ili mwanangu apate shule nzuri?

Usifanye. Wilaya nyingine zinaajiri hadi wapelelezi wa kufuatilia gari asubuhi, na Ohio mwaka 2011 mama mmoja mweusi aliwekwa jela kwa kutumia adresi ya baba yake mzazi. Ndo ujue thamani ya ule mpaka.

Lakini kama umepoteza nyumba, umefukuzwa, mmejibana kwa ndugu kwa sababu ya shida, hiyo ni tofauti, kuna sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inayosema mtoto wa namna hiyo aandikishwe palepale hata kama karatasi hazijakamilika. Nenda shuleni uliza mtu wa McKinney-Vento, kila wilaya inatakiwa iwe naye.

Mtoto hana karatasi za uhamiaji. Atasoma?

Atasoma mpaka darasa la 12. Texas walitaka kuwatoza watoto wasio na karatasi dola 1,000 kwa mwaka pale Tyler, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ikakataa, tena kwa Marekebisho yaleyale ya 14, maana yanasema "mtu", hayajasema raia. Chuo ni habari nyingine, kila jimbo na lake.

Na kama hajui Kiingereza, anajua Kiswahili tu?

Kuna hukumu ya 1974, wanafunzi wa Kichina wa San Francisco kama 1,800 walikuwa wanakalishwa darasani bila msaada wowote wa lugha, mahakama ikasema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule sio usawa kama haelewi kinachosemwa. Ilisimama juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kwa hiyo shule lazima imsaidie kujifunza Kiingereza, na wewe mzazi ukiitwa kikao omba mkalimani wa Kiswahili, usikubali mtoto wa miaka 9 awe ndo mkalimani wa kesi yake mwenyewe, maana atakutafsiria anachotaka.

Mbona sisi tuliotoka Afrika juzi watoto wetu wanaingia vyuo, na Wamarekani weusi wanaendelea kulalamika?

Hili swali linaulizwa kwenye kila sherehe ya Wabongo na Wakenya, kwa hiyo acha nilijibu bila kupakapaka. Wengi wetu tulichujwa kabla ya kufika. Aliyekuja kwa viza ya masomo ameshafaulu mitihani kwao, aliyekuja kikazi ana digrii tayari, na wazazi wetu hawakuchorewa mstari mwekundu Detroit. Unalinganisha watu waliochaguliwa na watu wote wa jamii fulani, hiyo hesabu haiko sawa tangu mwanzo. Na hata mlango uliotuingiza ulifunguliwa na sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyopita kwenye wimbi lilelile la mapambano ya hao unaowaita walalamishi.

Halafu angalia mali. Takwimu za benki kuu yao za 2022 zinaonyesha familia ya kizungu ya katikati ina utajiri wa dola 285,000, ya weusi 44,900. Nyumba ndo sehemu kubwa ya utajiri wa mtu wa kawaida, na nyumba ndo iliyonunua shule. Na wakimbizi wetu wa Kongo wanaopangiwa nyumba za bei nafuu wanaangukia shule zilezile walizosoma hao Wamarekani weusi, ukiongea nao baada ya miaka kumi hutasikia tena wanauliza hilo swali.

Upendeleo wa rangi kwenye vyuo si ulikuwa unafidia hayo?

Kidogo, na umeshafutwa. Tangu 1978 mahakama iliruhusu chuo kuangalia rangi kama kitu kimoja kati ya vingi, lakini kwa sababu ya kuchanganya wanafunzi, sio kufidia ubaguzi wa zamani, yaani hata ulipokuwepo haukuwa fidia. Tarehe 29 Juni 2023, kwenye kesi za vyuo vya Harvard na North Carolina, ukafutwa, na maneno ya Harlan ya 1896 kuhusu Katiba isiyoona rangi yakatumika sana kufuta. Chuo cha MIT, darasa la kwanza baada ya hapo, wanafunzi weusi wakashuka kutoka wastani wa kama asilimia 13 mpaka 5. Mwombaji bado anaruhusiwa kuandika kwenye insha yake jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake. Ugomvi wote huu ni wa vyuo vichache vikubwa, wakati tatizo limeanza chekechea, ila vyuo vikubwa ndo vina kamera.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Zaidi ya unavyofikiri. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa Kimarekani, ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuwashauri Waingereza Mwafrika asomeshweje. Kiongozi wake Thomas Jesse Jones alikuwa ametoka kusifia mfumo wa Hampton na Tuskegee, vyuo vya weusi Kusini mwa Marekani, yaani mweusi afundishwe kilimo, useremala na usafi, ya vitabu vingi yasubiri. Ushauri ukapokelewa vizuri na wakoloni kama unavyotegemea. Mwaka 1925 Kabete, nje ya Nairobi, ikafunguliwa shule ya Jeanes ya kufundisha walimu wa vijijini, jina na mtindo vimetoka kwenye mfuko wa shule za weusi wa Kusini mwa Marekani. Na shule zetu ziligawanywa rangi tatu, Mzungu, Mhindi, Mwafrika, kila moja na bajeti yake, Tanganyika ikaufuta mfumo huo kuanzia 1962. Shule zilizokuwa za wazungu Nairobi zilibadilishwa majina, ila viwanja vile vikubwa na maabara zile zilibaki kuwa za kugombaniwa mpaka leo.

Kuna kesi yoyote mpya inayosema mtoto ana haki ya kusoma?

Ipo moja iliyokaribia. Wanafunzi wa Detroit walishtaki kwamba wanamaliza shule hawajui kusoma, madarasa yana panya, vitabu hakuna, walimu hakuna. Aprili 2020 majaji watatu wa mahakama ya rufaa wakasema, 2 kwa 1, kwamba Katiba inalinda haki ya kujua kusoma kwa kiwango cha msingi. Watu wakashangilia. Mwezi uliofuata gavana wa Michigan akakubaliana na wanafunzi nje ya mahakama, na mahakama nzima ya rufaa ikaifuta ile hukumu, kwa hiyo kisheria haipo. Walichobaki nacho ni makubaliano, yakiwemo dola milioni 94.4 za kusaidia usomaji Detroit, ambazo bunge la jimbo lilizipitisha 2023, wengi wa walioshtaki wakiwa wameshatoka shule. Kwa sasa ukitaka kudai elimu yenyewe, sio kutobaguliwa tu, unaanzia mahakama ya jimbo lako, na cha kwanza wakili atakachokuuliza ni wilaya yako ya shule ni ipi.